Kansa ya koo haianzi siku chakula kinapokwama

Kinachotangulia kukwama ni makande. Mtu anadhani hakutafuna vizuri, anashushia na maji, mambo yanapita. Baada ya majuma kadhaa inakuwa zamu ya nyama, halafu ndizi, halafu ugali. Anahamia kwenye mtori, kutoka mtori anakwenda kwenye uji, kutoka uji anabaki na maziwa. Anapofikishwa hospitali mara nyingi kashika kopo mkononi, kwa sababu hata mate yake mwenyewe hayashuki. Anayatema.

Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na miaka mingi nimeitumia katika chumba cha endoskopi hapa Kilimanjaro, nikimshika mgonjwa bega na kumwambia apumue wakati daktari anapitisha mpira wenye kamera. Sasa nimestaafu. Safari hiyo ya kutoka makande hadi mate nimeisimuliwa na wanaume na wanawake, wanywaji wa mbege na walokole, wavuta sigara na wasiowahi kuigusa. Karibu wote walikuwa wameshapita kwingine kabla ya kufika kwetu: duka la dawa, zahanati, kwa mganga. Wengi walikuwa wamepewa dawa za vidonda vya tumbo, zikaisha, wakapewa tena.

Umio, huo mrija unaopeleka chakula tumboni, una tabia ya kutanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake taratibu na chakula kikaendelea kupita, mpaka nafasi iliyobaki iwe kama nusu au chini ya hapo. Ndiyo maana anayeniambia "sista, kimeanza kukwama mwezi uliopita" ana ugonjwa ulioanza zamani sana. Wachache huwahi upasuaji. Katika miaka yangu kazini wengine walipewa rufaa ya mionzi na dripu za kansa huko Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa na nguvu za kusafiri na ndugu wa kuwasindikiza. Waliobaki tuliwawekea stenti, yaani kimrija cha waya kinachotanua njia ili waweze kumeza tena. Nimeona mzee akinywa supu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, machozi yakimtoka, na furaha ile ni ya kweli. Lakini stenti inafungua njia tu, kansa inaiacha palepale. Tunahesabu miezi.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Watu wa ukanda wetu wametoa damu yao, vinyama vyao na muda wao kwa watafiti wa kansa hii, na majibu ya maana yamepatikana. Majibu hayo hayajarudi vijijini. Yanasomwa Lyon na London, huku zahanati zetu zikiendelea kugawa dawa za vidonda.

Ukichora ramani ya ugonjwa huu barani kwetu, unapata mstari unaoanzia Ethiopia, unashuka kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Ukienda Afrika Magharibi, ni ugonjwa adimu. Nje ya bara, maeneo yanayofanana na yetu ni sehemu za kaskazini ya China na mkoa wa Golestan nchini Iran. Kwa nini huku na si kule? Swali hilo lilileta utafiti uitwao ESCCAPE, ulioongozwa na Valerie McCormack wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, pamoja na wataalamu wa kwetu akiwamo Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi. Ulifanyika Eldoret, Moshi na Blantyre. Wagonjwa walikaa wakajibu maswali marefu kuhusu kuni, pombe, meno, sigara na chai, wengine wakiwa hawawezi kumeza hata maji. Walijua kwamba majibu hayatawasaidia wao. Walisema labda yatawasaidia watoto wao.

Nianze na chai, maana ndiyo inayowagusa watu wengi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanyika hapahapa Kilimanjaro, ambapo watafiti walipima joto la chai watu walipoanza kunywa. Wastani ulikuwa kama nyuzi 70 za Selsiasi. Chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko chai ya rangi, na waliozoea ya maziwa waliianza ikiwa ya moto zaidi. Mwaka uliofuata, 2016, shirika lile la Lyon likatangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, pengine vinasababisha kansa ya umio. Lilitamka wazi kwamba tatizo ni joto. Kahawa yenyewe, ambayo watu walikuwa wakiitilia shaka, iliondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Wapo wanaouliza, na ni swali zuri: je, si kweli kwamba mtu ambaye koo limeanza kumsumbua ndiye anayetafuta chai ya moto ili kusukuma chakula? Au anakumbuka vibaya, kwa sababu ameshasikia kwamba chai ni mbaya? Hiyo ndiyo shida ya kumhoji mtu akiwa tayari mgonjwa. Iran walilikabili jambo hilo kwa uvumilivu. Kati ya 2004 na 2008 waliwaandikisha watu wapatao 50,000 ambao hawakuwa na kansa, wakawapima joto la chai yao kwa kipimajoto, kikombe baada ya kikombe, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba waliokunywa chai ya nyuzi 60 au zaidi, na kwa wingi wa mililita 700 au zaidi kwa siku, walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 90 hivi. Mililita 700 si nyingi kama zinavyosikika. Kwa watu wetu ni vikombe vya asubuhi na vya jioni, na mgeni akifika hodi, kingine. Mwaka 2022 takwimu za wagonjwa wa Tanzania na Malawi zikaelekea upande huohuo: kadiri mtu alivyozoea kula na kunywa vya moto sana, ndivyo hatari yake ilivyopanda.

Chai haibebi lawama peke yake. Pombe na tumbaku zimo, na kule magharibi mwa Kenya busaa na chang'aa zimeonekana kuongeza hatari. Yupo pia mgonjwa ambaye sababu yake hatuioni kabisa, na huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Hukohuko Kenya, katika Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, madaktari walipitia mafaili ya kuanzia 1996 hadi 2009 wakakuta wagonjwa 109 wa kansa ya umio wenye umri wa miaka 30 au chini. Nchi nyingine unaweza kufanya kazi hii maisha yako yote usimwone hata mmoja wa umri huo. Kijana wa miaka 25 amekunywa chai ngapi? Amevuta sigara ngapi?

Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha kazi kubwa ya kusoma vinasaba vya uvimbe 552 kutoka nchi 8, zikiwamo Kenya, Tanzania na Malawi. Walitarajia kukuta alama. Moshi wa sigara huacha alama yake katika vinasaba, na jua kali huacha yake kwenye ngozi, na mtaalamu akizisoma anajua nani alipita. Kama kungekuwa na sumu fulani katika udongo, maji au chakula cha ukanda wetu inayoharibu vinasaba moja kwa moja, alama yake ingeonekana kwetu na kukosekana Uingereza, ambako ugonjwa ni mchache. Haikuonekana. Uvimbe wa Mchaga na wa Mwingereza ulifanana sana. Baadhi ya watu walikata tamaa waliposikia hivyo. Mimi ninaona kwamba utafiti huo umetuondolea njia ya uongo na kutuelekeza pengine: huenda kinachotutofautisha kinafanya kazi kwa kuunguza na kuchubua ukuta wa umio kila siku, seli zikalazimika kujijenga upya tena na tena, na kosa likapenya humo. Joto linaweza kufanya hivyo bila kuacha sahihi. Wajibu wa kulithibitisha jambo hili bado uko mezani mwa watafiti, na nisingependa mtu yeyote aseme limekwisha.

Lakini kupoza chai hakuhitaji kusubiri. Dakika tano mezani, au maziwa baridi kidogo, au kuimimina kwenye kisosi kama walivyofanya wazee wetu. Hakuna dawa wala kifaa cha bei hiyo. Najua kwamba kwetu kumpa mgeni chai isiyofuka moshi ni kumdharau, na mama mkwe anaweza kulikumbuka jambo hilo kwa miaka. Heshima hiyo tunaweza kuihamishia kwenye maandazi. Sijawahi kuona bango la Wizara ya Afya linalosema hili kwenye kliniki ya wajawazito wala stendi ya mabasi, na ni miaka mingi sasa tangu vipimajoto vile vitumbukizwe kwenye vikombe vyetu.

Jambo la pili linahitaji fedha, na hapo ndipo ninapowaomba wenye bajeti wanisikilize. Kansa hii ina kipindi kirefu cha kujificha, ambapo seli zimeshaanza kuharibika lakini hazijawa uvimbe, na mtu anakula makande yake bila tabu. Kipindi hicho kinaonekana. Daktari akinyunyizia umio maji ya iodini yaitwayo Lugol, sehemu yenye afya inageuka kahawia, kwa sababu seli zake zina akiba ya wanga. Sehemu iliyoharibika imekwisha kupoteza akiba hiyo, kwa hiyo inabaki na rangi hafifu ya njano. Unaiona kwa macho. Daktari Michael Mwachiro na wenzake walifanya kipimo hicho kwa watu 305 wa Bomet ambao hawakuwa na dalili yoyote. Zaidi ya 14 katika kila mia walikutwa na seli zilizoanza kuharibika. Watu hao walikuja kwa miguu yao, wamekunywa chai, wanaendelea na kazi za shamba. Walio katika hatua ya juu ya uharibifu wanaweza kukwanguliwa au kuunguzwa sehemu hiyo kupitia mpira uleule, bila kufunguliwa kifua.

Je, kuwatafuta watu wa namna hiyo kunaokoa maisha? Huko Cixian, China, walichukua vijiji vilivyopewa kipimo hicho mara moja tu wakavilinganisha na vijiji jirani ambavyo havikupewa. Baada ya miaka 10, vifo vya kansa ya umio vilikuwa asilimia 3.35 katika vijiji vilivyopimwa, na asilimia 5.05 katika vile vingine. Hiyo ni karibu theluthi moja ya vifo, kwa kipimo kimoja.

Siwezi kudai tumpitishie mpira kila mtu mwenye umri wa miaka 40 wa mkoa wa Kilimanjaro. Hatuna mashine wala mikono ya kutosha, na mpira haupendezi kumeza. Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu kubwa utafiti wa sponji: mtu anameza kidonge chenye uzi, kidonge kinayeyuka tumboni, sponji iliyokuwa ndani inatanuka, na muuguzi anaivuta kwa uzi huku ikikusanya seli njiani. Kilibuniwa Cambridge na kundi la Rebecca Fitzgerald kwa aina nyingine ya tatizo la umio. China wamekwisha kujaribu sponji ya namna hiyo kwa zaidi ya watu 14,000, kompyuta ikisaidia kusoma seli, ili kujua nani anahitaji mpira na nani arudi nyumbani. Kazi ya kuvuta uzi haihitaji bingwa. Muuguzi wa kituo cha afya, akifundishwa vizuri, anaiweza.

Mpaka sponji ifike, tunacho cha kufanya. Zahanati zipewe agizo moja lililoandikwa: mtu mzima akisema chakula kinakwama, apewe rufaa ya endoskopi wiki hiyohiyo, na asipewe dawa za vidonda akaambiwa arudi baada ya mwezi. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, isomwe upya na wanaotunga kanuni zake ili kipimo hiki kilipiwe hata kwa mtu asiyeumwa, kama anatoka kwenye familia yenye ugonjwa.

Nasema familia kwa makusudi. Ndugu wanashiriki damu, wanashiriki pia jiko, birika na moshi, kwa hiyo watafiti na madaktari wote wangefaidika kuanzia hapo. Kila mgonjwa niliyemshika bega aliletwa na mtu: mdogo wake, binti yake, mtoto wa dada yake. Walikaa kwenye benchi nje ya chumba wakimsubiri, wakiwa wazima, wanameza vizuri. Hakuna aliyewahi kuwaambia nao waingie. Majina ya vijiji vyao na namba zao za simu vimo kwenye mafaili ya hospitali. Chupa ya iodini ni nafuu kuliko stenti moja. Wizara ikiamua mwezi huu, wauguzi wanaweza kuanza kuwapigia simu.