Mchele wa Nzega wapoteza jina njiani

Mlaji wa Dar es Salaam akifika soko la Tandale huuliza maswali mawili: mchele huu ni wa Kyela, na kilo ni shilingi ngapi? Ulivunwa lini, ulikobolewa wapi na umechanganywa na upi, hayo hayaulizi. Soko nalo limejipanga kufuatana na maswali hayo mawili.

Hasara inaonekana Nzega, karibu kilomita 900 kutoka hapo. Mpunga wa huko hulimwa kwenye majaruba kwa mvua za msimu mmoja. Ukishakobolewa na kupakiwa pamoja na wa Igunga na Kahama, huweza kuuzwa mjini kwa jina lolote analolitaka mteja. Nyongeza ya bei inayoletwa na jina hilo haimrudii mkulima.

Katika karne ya 19 misafara iliyopita Unyamwezi ilinunua chakula vijijini, njia nzima. Mvua zikikosekana, wapagazi walizijua habari hizo siku hiyohiyo, kwa bei na kwa tumbo. Mlaji wa leo hushangaa mchele ukipanda Februari, wakati mpunga mpya bado uko majarubani.

Kutojua huko kuna gharama. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo 60 hadi 65 tu. Zinazobaki ni makapi na pumba. Asiyefahamu hivyo hulinganisha bei ya mpunga na ya mchele, akaona ameibiwa na mwenye duka. Anayepunjwa hasa ni mkulima anayeuza kwa lumbesa. Kilo zilizo juu ya mdomo wa gunia hazilipwi, lakini mjini kila kilo hupita kwenye mizani. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikipiga vita mtindo huo, na bado haujakwisha.

Wapo wanaosema mlaji anachotaka ni bei nafuu, wala hana haja na habari za shamba. Hoja hiyo ina ukweli kwa wengi ambao mfuko hauruhusu. Hata hivyo, mlaji yuleyule akisikia neno Kyela huongeza fedha bila ubishi. Hii ina maana kwamba mahali chakula kinakotoka pana thamani sokoni, na Nzega haijaidai thamani yake.

Mfanyabiashara mdogo wa Nzega anaweza kuanza bila mtaji mkubwa: anunue kwa mizani, asichanganye mizigo, na afunge mifuko ya kilo 5 na 10 iliyoandikwa Nzega, aina ya mpunga na mwaka wa mavuno. Mteja akiridhika na mfuko wa kwanza, safari ijayo atakuwa na jina jingine la kuulizia pale Tandale.