Lenzi Pana, Changa la Macho

Wadau, leo nagombana na watu wa fani yangu mwenyewe. Kama wewe ni mmoja wa wale wenye kamera ndogo ya GoPro (au ndugu zake wa DJI na Insta360), na umeifungia kijilenzi cha kupanua picha ili ukapige chini ya maji, vuta kiti ukae. Hii inakuhusu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiangalia video za bahari yetu zinazozunguka kwenye simu za watu. Mafia, Pemba, Mnemba, Tanga. Zote zinafanana utadhani kapiga mtu mmoja. Bahari haina mwisho, matumbawe kama Usambara, papa potwe kama basi la mkoani, na mbele ya mdomo wake mtalii kanyoosha dole gumba. Zinapendeza, sikatai. Lakini nyingi zinatupiga changa la macho, na mbaya zaidi zinapigwa na watu wanaojiita waandishi wa habari.

Turudi darasani kidogo, maana bila hapo hatuelewani. Unakumbuka fizikia ya sekondari, ile fimbo inayoonekana imevunjika ukiitumbukiza kwenye ndoo? Mwanga ukitoka kwenye maji kuingia hewani unapinda. Kipimo cha maji ni 1.33, cha hewa ni 1. Sasa kamera hizi zina kioo bapa mbele, iwe ndani ya kasha la kuzamia au bila kasha. Mwanga unapovuka kioo hicho unapinda, na pembe ya picha inabanwa. Lenzi inayoona nyuzi kama 118 kwa upana ukiwa barabara ya Samora, ukiizamisha inabaki na nyuzi 80 hivi. Hata uchukue lenzi pana kuliko zote duniani ukaiweka nyuma ya kioo bapa, haivuki nyuzi 97. Hakuna fundi wa kubadilisha hilo. Ndiyo maana namba kubwa kubwa wanazoandika kwenye maboksi, kama ile 177 ya lenzi iliyotoka na GoPro Hero13 Black mwaka 2024, zisome kama namba za nchi kavu.

Kwa hiyo watu wananunua lenzi za kufunga juu ili warudishe kile walichonyang'anywa na maji. Hapo sina ugomvi. Zipo lenzi za kazi hiyo hasa, mfano UFL-G140 ya Inon au UWL-03 ya AOI. Unazifunga mbele ya kasha, maji yanajaa katikati, unafukuza mapovu kwa kidole, unaendelea na kazi. Kioo cha mbele kimebinuka kama bakuli lililofunikwa, mwanga unaingia bila kupindishwa sana, na mtu aliyezibuni alipiga hesabu zake akijua kutakuwa na maji.

Ubabaishaji unaanza kwenye vile vijilenzi vya bei poa vya kubana, ambavyo vilibuniwa kwa ajili ya hewani. Lenzi inafanya kazi kwa sababu kioo kinapindisha mwanga kuliko hewa inayokizunguka. Ukikizungushia maji, tofauti inakuwa ndogo (kioo cha kawaida ni kama 1.5, maji 1.33), na nguvu kubwa ya lenzi inayeyuka. Umebaki na kipande cha kioo chenye mapovu. Usidhani pia kila kioo kilichobinuka ni dawa. Kasha la GoPro HD Hero2 ya mwaka 2011 lilikuwa na kioo kilichobinuka mbele, na picha zake za chini ya maji zilikuwa na ukungu mpaka watu wakawa wananunua vioo bapa pembeni kurekebisha. Sababu ni kwamba kioo kilichobinuka, kikiwa majini, kinaileta taswira karibu kabisa na kamera hata kama samaki yuko mbali, na lenzi ile haikuwa imepangwa kuona karibu namna hiyo. Hero3 ilipotoka mwaka 2012 kasha likawa na kioo bapa. Yaani kampuni yenyewe ilijifunza kwa tabu, wewe unataka kubahatisha na kitu cha kubana?

Haya, huo ulikuwa ugomvi mdogo.

Muulize mzamiaji yeyote mzoefu kwa nini anataka lenzi pana. Atakwambia: ili nisogee karibu. Maji ni mazito. Yanakula rangi, nyekundu inaanza kuondoka mita chache tu chini, na hayahesabu kina peke yake, yanahesabu pia safari ya mwanga kutoka kwa samaki mpaka kwenye kamera yako. Kila mita ya maji katikati ni pazia jingine. Kwa hiyo unachukua lenzi pana, unasogea, unapunguza maji, na kitu chote bado kinaenea kwenye picha. Huo ndio ujanja wenyewe.

Sasa angalia ujanja huo unafanya nini kwenye matumbawe. Lenzi pana ikiwa karibu na kitu, kitu hicho kinavimba na kila kilicho nyuma yake kinanywea. Chukua kichwa cha tumbawe zima, chenye ukubwa wa ndoo. Weka kamera sentimita 30 mbele yake, inua kidogo ili bluu ijae juu. Umepata mlima! Sasa nyuma ya ndoo hiyo kuna nini? Inaweza kuwa uwanja wa kifusi kilichoachwa na baruti, au mifupa ya matumbawe yaliyopauka. (Bahari yetu ilipata kipigo kikubwa cha upaukaji mwaka 1998, kabla baadhi yenu hamjajua kusoma.) Kifusi hicho kipo ndani ya fremu, hukukikata, hukudanganya kwenye kompyuta. Ila kimekuwa mstari mwembamba wa kijivu ambao mtazamaji hatauona. Baruti ilichukua sekunde moja kuvunja, na wewe umechukua sekunde kumi kuficha.

Na inakwenda upande wa pili vilevile. Mwenzangu mmoja alitaka kuonyesha uharibifu. Akatafuta tumbawe moja lililopinduka, akalisogelea na lenzi yake ya pembe kubwa, likaonekana kama jengo lililoporomoka. Nilipomuuliza eneo lenyewe lina ukubwa gani, hakuweza kunijibu, na kwenye video yake hakuna kitu cha kukuambia. Nia yake ilikuwa njema, lakini picha haina habari ndani yake. Wanasayansi wanaofanya kazi hii hutandaza utepe wa kupimia chini, mita 20 au 50, halafu wanapiga kutoka juu kwa kimo kilekile mwanzo mpaka mwisho. Inachosha kutazama, hakuna atakayeisambaza kwenye simu. Lakini mwakani ukirudi na utepe uleule, unaweza kusema kimeongezeka nini na kimepungua nini. Sisi tunaodai kwamba kazi yetu ni ushahidi tunashindwa hata kuweka rula kwenye picha.

Nije sasa kwa potwe, maana huyu ndiye aliyenifanya nikasirike.

Kila mwaka, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, potwe wanaonekana juu juu karibu na Kilindoni kule Mafia, wanafuata uduvi. Utafiti wa vifaa vya kunasa sauti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi wao hawaondoki hata msimu ukiisha, ila huzama na kwenda mbali zaidi na ufuo ambako hatuwaoni. Ni wenyeji wa hapo, kama wewe na mimi. Wengi ni vijana bado, hawajafikia ukubwa wa wazazi wao. Tangu mwaka 2016 wamo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sheria za kuogelea nao zinatofautiana sehemu na sehemu. Kule Ningaloo, Australia, hutakiwi kusogea chini ya mita 3 kutoka kwenye mwili na mita 4 kutoka mkiani. Tuchukue hiyo mita 3 tupige hesabu. Potwe wa mita 7 akipita ubavu mbele yako kwa umbali huo, ili umpate wote kwenye picha unahitaji pembe ya nyuzi kama 99. Kamera yako ndogo yenye kioo bapa ina 80, kwa hiyo utaona mita 5 tu, mkia umebaki nje. Mwenye lenzi pana anafurahi: si nilisema? Subiri kwanza. Ukiwa na 80 zako, rudi nyuma mpaka mita 4 na kidogo tu, potwe wote yumo. Yaani lenzi yote ile uliyotolea jasho inakununulia mita moja na ushee. Nakubali, kwa maji ya Kilindoni mita moja ni kitu, kwa sababu maji yaliyojaa uduvi ni ya kijani na yana ukungu. Mtu akiniambia ninatumia lenzi pana ili nikae mita 3 na nipate picha safi, huyo nampa mkono, ndiye anayejua kazi.

Lakini hebu niambie ni wangapi wanakaa mita 3. Lenzi pana inafanya vitu vionekane vidogo na mbali. Mtu ameshika kijiti, macho yako kwenye kile kiskrini, potwe anaonekana kadogo huko mbali, basi anasogea. Bado kadogo. Anasogea tena. Kamera iko mbele yake kwa urefu wa kijiti na mkono, na kioo kinamwambia kuna nafasi. Kumbe kijiti kiko kwenye matamvua ya mnyama! Nimekaa kwenye boti nikayaona haya kwa macho yangu, watu saba ndani ya maji wakimzingira potwe mmoja, vijiti saba, mpaka akazama akawaachia povu. Wakarudi kwenye boti wanalalamika kwamba potwe wa leo ni mwoga.

Wa kulaumiwa sio hao peke yao. Niliwahi kupeleka video yangu kwa mhariri mmoja wa kituo kimoja ambacho sikitaji. Potwe kaonekana wote, kutoka ubavuni, umbali wa mita 4, anakula kwa utulivu. Mhariri akaangalia sekunde chache akasema, "Kijana, huyu samaki yuko mbali. Nataka niuone mdomo. Na mtu awe karibu, tujue ukubwa wake." Nikamwambia mtu akiwa karibu namna hiyo ndiyo kosa lenyewe tunalotakiwa kuripoti. Akacheka. Video haikutoka. Iliyotoka ni ya mtu mwingine, mdomo umejaa skrini nzima, na chini yake maneno ya kuwakaribisha watalii. Nahodha wa boti kule Mafia anaziona video hizo kama wewe. Anajua mgeni anayepanda boti yake anataka picha ipi, anajua pia bakshishi inatoka kwa picha ipi. Mnadhani atampeleka mita ngapi?

Kuna watakaoniambia lenzi ni chombo tu, kama kalamu. Sawa. Lakini mwandishi akiandika "mamia ya watu" walipokuwapo watu 30, tunamwita mwongo wala hatusemi kalamu yake ilikuwa pana. Mpiga picha akifanya kitu hichohicho kwa kioo tunampa tuzo.

Na hasara nyingine hawaifikirii kabisa. Madoa ya potwe ni kama alama za vidole vyetu, hakuna wawili wanaofanana. Watafiti humtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, na moja ya programu za kulinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanaanga za kulinganisha makundi ya nyota. Utaalamu mtamu kabisa. Picha ya mtalii wa kawaida inaweza kuingia kwenye kumbukumbu hizo ikasaidia kujua potwe fulani bado yuko hai miaka kumi baadaye. Sasa ile yako ya mdomo, imepinda pembezoni kama kioo cha saluni mbovu, ubavu umenyooshwa kama mpira, mtafiti aifanyie nini?

Kwa hiyo nasema hivi kwa wenye lenzi hizo. Endelea nazo kama una sababu. Shikilia umbali kwa macho yako, achana na kiskrini, na kumbuka hata miwani ya kuzamia ina kioo bapa, kwa hiyo kinachoonekana kiko mita 2 na robo kipo mita 3. Ukipiga tumbawe kwa karibu, geuka upige pia eneo zima bila lenzi, uziweke zote mbili kwenye habari. Tia kitu kinachojulikana ukubwa wake ndani ya fremu. Na fedha ya lenzi, kama ndiyo unaanza, nunulia taa kwanza. Taa inakurudishia ile nyekundu iliyoliwa na maji, bila kumkuza wala kumdogosha mtu.

Anayebisha alete video yake ghafi, haijakatwa, aseme ametumia lenzi gani na alikuwa mita ngapi kutoka kwa mnyama. Mimi ya kwangu ninayo, ileile iliyokataliwa. Mita 4, kioo bapa, mkia wote umo.