Sabarimala: Jibu kwa Mtetezi wa Katazo

Bwana aliyeandika kwamba Mahakama ya Juu ya India, ilipowafungulia wanawake wa miaka 10 hadi 50 hekalu la Sabarimala mwaka 2018, iliidhulumu dini ya Wahindu, amesahau kwamba waliozuiliwa nao ni Wahindu, wenye imani na nadhiri zao. Rai ya Jaji Indu Malhotra, mwanamke pekee kati ya majaji watano, kuwa ibada haipimwi kwa mizani ya akili, naistahi. Lakini ibara ya 25 ya katiba yaruhusu sheria ya kuwafungulia Wahindu wa tabaka zote mahekalu ya umma. Bwana huyo asema katazo latokana na useja wa Ayyappa, mungu wa hekalu hilo, si hedhi. Basi mbona Januari 2019, wanawake wawili walipoingia kabla ya alfajiri, kuhani alifunga milango alitakase hekalu?