Acheni Kumcheka wa Mkorogo

Inaniudhi mno kumwona mtu mzima akimnyooshea kidole dada aliyebabuka mashavu kwa mkorogo wa kujichubua, akicheka kwamba uso ni Fanta na vidole ni Coca-Cola. Unamcheka nani? Dada huyo hakuzaliwa anauchukia uso wake. Tumemfundisha sisi.

Tena tulianza mapema! Mtoto hajamaliza arobaini, shangazi keshamkagua masikio kutabiri atakuwa mweusi kiasi gani. Siku ya harusi mpambaji anampaka bibi harusi poda iliyopauka, shingo inabaki na rangi yake, nasi tunapiga vigelegele.

Kwenye umbo tuna nafuu. Nyonga pana na mapaja yaliyojaa havikosi wa kuvisifia. Hata Marekani, tafiti nyingi zimeonyesha wanawake weusi wanaridhika na miili yao kuliko wenzao weupe. Rangi ya uso ni jeraha jingine kabisa, na humpata mtu angali mdogo. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere weupe na weusi, miaka ya 1940. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Matokeo hayo yalifika hadi Mahakama ya Juu katika kesi ya ubaguzi shuleni iliyoamuliwa 1954.

Wauzaji wa mkorogo wanalijua jeraha hilo, na wanalinenepea. Ndani ya vikopo vyao mna zebaki, haidrokwinoni, na klobetasoli, dawa kali ya magonjwa ya ngozi ambayo daktari huitoa kwa muda mfupi, si ya kujipaka kila asubuhi mpaka ngozi iwe nyembamba. Zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo, na mjamzito humfikishia mwanawe tumboni. Tanzania na Kenya zimevipiga marufuku vikopo hivyo, Rwanda imeingia madukani kuvikamata, na bado vinauzwa mchana kweupe.

Wanaokamatwa ni wachuuzi. Mwagizaji wa makontena analala usingizi. Kampuni ya Unilever nayo, mwaka 2020, iliibadilisha jina krimu yake ya kung'arisha ngozi, Fair & Lovely ikaiita Glow & Lovely, krimu ikaendelea kuuzwa.

Basi hasira zenu zipelekeni huko. Mfikisheni mwagizaji mahakamani. Matangazo yanayouza weupe yashushwe barabarani. Na wewe kaka unayemcheka dada huyu, tuambie kwanza ulipokwenda kuposa ulimwagiza mshenga akutafutie binti wa rangi gani.