Sanaa ya Kisasa Isiishie Dar

Vijana wenzangu, kila maonyesho mapya ya sanaa ya kisasa yakifunguliwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar, sisi wa Buswelu tunayaona kwenye simu tu. Nauli atatupa nani?

Arusha kuna makumbusho ya taifa, Songea yapo, Butiama yapo. Jiji la Mwanza je? Jirani hapo Kisesa tuna Bujora, aliyoianzisha Padri David Clement na Wasukuma wenyewe. Inatunza ngoma za watemi, na tunaiheshimu. Lakini kijana anayechora ya leo, samaki wanavyopungua ziwani au machinga anavyobomolewa kibanda, ukuta wake uko wapi?

Nasoma sheria, kwa hiyo naanzia kwenye Katiba. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake. Picha nayo ni fikra. Uhuru usio na pa kuonekana ni wa kwenye karatasi.

Hatudai jengo la mabilioni. Manispaa ya Ilemela, ambayo makao yake yako hapahapa Buswelu, itenge ukumbi mmoja. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani wanayokopeshwa vijana iwafikie na wachoraji. Na picha isipite kwa sababu tu inamsifu kiongozi.

Diwani akija kuomba kura, muulize hilo.