Kutunga kwa Mkono Wako

Lipo neno baya linalopita midomoni mwa vijana wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kutoka Kaloleni hadi Kayole. Wasema kwamba kutunga ushanga ni kazi ya mtu aliyekosa elimu, au ni kazi ya kuwauzia watalii. Na kwamba mwanafunzi wa sekondari atakaye kumpa nyanya yake zawadi hana budi kununua kitu cha dukani kilichofungwa katika karatasi ing'aayo. Neno hilo nalipinga. Nakuomba, msomaji, usikilize hoja zangu, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza, itazame lugha yako. Katika Kiswahili mtu hutunga shairi, hutunga insha, na hutunga ushanga. Kitendo ni kimoja: kuchagua, kupanga, na kupitisha uzi mmoja katika vitu vingi hata viwe kitu kimoja. Kama waona fahari kutunga insha, waona haya ya nini kutunga ushanga?

Pili, kazi hii ina ukale usiodharauliwa. Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, wataalamu walichimbua ushanga wa gamba la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Aliyeuvaa hakujua kusoma wala kuandika, maana maandishi hayakuwapo duniani. Lakini akili ya kupambanua kizuri alikuwa nayo. Asemaye kwamba kazi hii haina akili amwambie mtu huyo, asiniambie mimi.

Wako watakaojibu kwamba ushanga wa kioo si wetu, kwa kuwa mwingi watoka Ucheki. Ni kweli watoka huko. Lakini mbele ya sahani ya mandazi hatuulizi ngano ililimwa nchi gani. Twauliza nani aliyeyapika. Kioo ni cha mgeni, mpango wa rangi na maana yake ni wa mtungaji.

Sasa nenda nami hadi soko la Kariokor, ambako hushonwa viatu vya ngozi vilivyopambwa ushanga, na vyondo huuzwa. Jina la mahali hapo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walifanya kazi kubwa wakapata heshima ndogo. Je, si aibu kwamba katika soko lenye jina lao twatenda vivyo hivyo? Twamkuta mama ameinamia uzi tangu asubuhi, twashindana naye bei kama kwamba yeye ndiye mwizi.

Dawa ya aibu hiyo ni kujaribu kazi yenyewe. Mtungie nyanya yako mkufu mmoja, nawe utaona jambo la ajabu. Zawadi ya kununua yauliza swali moja tu: bei gani? Zawadi ya kutunga yauliza mengi. Je, vidole vya nyanya vimekakamaa? Basi kifungo kidogo cha nyuma ya shingo kitamtesa. Mtungie mkufu mrefu upitao kichwani. Pima kwa uzi: ukiwa wa sentimita 70, na kila ushanga una upana wa milimita 5, wataka shanga 140. Je, ngozi yake huwashwa na madini ya bei rahisi? Basi usitie madini. Avaa rangi gani siku ya ibada? Na iko rangi asiyoivaa tena tangu alipofiwa? Mjukuu aweza kulala chumba kimoja na nyanya yake miaka kumi, pale Jericho au Dandora, asijue jibu hata moja. Huo ndio ujinga ninaouogopa, wala hautibiwi na cheti cha mtihani.

Kisha tandika kitambaa mezani ili shanga zisikimbie, zipange kabla ya kuzitia uzini, na ufunge fundo kila baada ya shanga chache. Uzi ukikatika siku moja, zitaanguka chache, si zote. Mkufu wa kwanza utakuwa na kasoro. Fumua, uanze tena. Utakapokuwa umepoteza jioni tatu juu yake, rudi Kariokor usikie bei ya yule mama. Hutaiita ghali.

Sisemi kwamba kila mwanafunzi awe fundi wa ushanga, wala sisemi kwamba kununua ni dhambi. Yule mama hula kwa kuuza, nasi tusiponunua watoto wake watalala njaa. Nasema kwamba mtu asiyejua kazi ya mkono hajui kuilipa, na mtu asiyejua shingo, ngozi na huzuni ya nyanya yake hajajua kumpa zawadi.

Basi, wewe unayesoma ukurasa huu, leo jioni keti karibu na nyanya yako, umwulize ni rangi gani aipendayo, na kwa nini. Kama yuko mbali, mpigie simu. Usikilize jibu lake mpaka mwisho, ndipo utafute uzi.