Kabla hamjaomba viungo vyetu, tuonyesheni sheria

KUTOKA BOMBAMBILI
Na Skolastika Gama

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo hapa Bombambili, Songea, ajenda ikiwa figo. Mgonjwa, baba wa watoto wanne, alishaambiwa kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, na kwamba bila kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hana siku nyingi. Wazee walikaa kwenye makochi, vijana kwenye mkeka. Mzee mmoja akawatazama wadogo wa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, akaishia kwa kitindamimba, dereva wa bodaboda ambaye pikipiki yake ilinunuliwa na huyo huyo kaka mgonjwa. “Haya mwanangu, wewe unasemaje?”

Hakuna aliyemtishia. Kijana alijibu kwamba yuko tayari, macho yakiwa chini. Mkewe, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ndiye pekee aliyethubutu kuuliza: “Na huyu naye akija kuugua, sisi atatulisha nani?” Akanyamazishwa. Mke wa kuolewa hana kauli kwenye kikao cha ukoo.

Nimeanza na kikao hicho kwa sababu tukisikia habari za maadili ya kuchangia viungo, fikra hukimbilia kwa majambazi wa figo. Majambazi wapo, nitawafikia. Lakini huduma yetu ya kupandikiza imejengwa juu ya ndugu aliye hai. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, wakishirikiana na madaktari wa hospitali ya BLK kutoka India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, safari hiyo pamoja na Wajapani. Ni jambo la kujivunia, tena limeokoa fedha: wakati ule ilielezwa kwamba kumpeleka mgonjwa mmoja India kuligharimu kati ya shilingi milioni 80 na 100, na hapa nyumbani ilikuwa milioni ishirini na kitu. Na kwa kuwa anayetoa ni ndugu, mlango wa biashara umefungwa. Ndivyo tunavyoambiwa.

Mlango wa biashara, sawa. Mlango wa shinikizo je? Kaka aliyekulipia ada, shangazi aliyekulea, baba ambaye shamba lake la mahindi ndilo unalotegemea kurithi: hao hawahitaji kukuamuru. Kunyamaza kwao kunatosha. Fomu ya hospitali itaonyesha sahihi ya mtu mzima mwenye akili timamu, na hiari itahesabika kuwa imepatikana.

Waingereza waliliona hilo. Chini ya sheria yao ya 2004, mchangiaji aliye hai huhojiwa na mtu huru, asiye katika timu inayomtibu mgonjwa, na sehemu ya mahojiano hufanyika bila ndugu chumbani. Kuna utaratibu mwingine unaotumika katika hospitali nyingi duniani, nami ndio ninaoupenda zaidi: mchangiaji akimnong’oneza daktari kwamba hataki, ukoo huambiwa tu kuwa kitaalamu hafai kutoa. Kijana anarudi nyumbani bila lawama. Uongo mdogo wenye heshima yake. Ningependa yule dereva wa bodaboda awe nao.

Sasa majambazi. Aprili 2025 Der Spiegel, ZDF na Deutsche Welle, vyombo vya habari vya Ujerumani, vilitoa uchunguzi wao kuhusu hospitali ya Mediheal, Eldoret. Vijana maskini wa Kenya walisimulia jinsi walivyouza figo. Mmoja aliahidiwa dola 6,000, akaambulia 4,000. Waliopokea, baadhi yao wakitoka Ujerumani na Israeli, walielezwa kulipa hadi dola 200,000. Hospitali ilikanusha kuhusika na biashara hiyo. Waziri wa Afya wa Kenya, Aden Duale, alisimamisha upandikizaji pale na kuunda kamati ya uchunguzi.

Kilichonikaa kichwani katika habari ile ni makaratasi. Wachangiaji walisema walisainishwa hati zilizokwisha kuandaliwa, wakidai undugu na watu ambao hawajawahi kuwaona. Na Kenya haikuwa shamba lisilo na mwenyewe, maana Sheria yao ya Afya ya 2017 inakataza kuuza viungo. Kwa hiyo mwanasiasa akija kuniambia “tutatunga sheria” nitamuuliza: nani ataihakiki ile karatasi ya undugu, na mwaka ukiisha atamwonyesha nani alichokiona?

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani watu wa Ruvuma wanaogopa habari za viungo kwa sababu ya ushirikina. Anisikilize kidogo. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Majimaji hapa mjini. Karibu wote walifukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, alizikwa peke yake, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, enzi ambazo mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa hadi Berlin kupimwapimwa na wasomi kwa jina la sayansi. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Mbano na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Halijarudi. Ukoo unaosubiri fuvu la babu yao kwa zaidi ya miaka 100 hauhitaji mganga wa kienyeji kuufundisha kuogopa wataalamu wanaochukua sehemu za miili ya watu.

Juu ya hapo weka hadithi za mumiani tulizolelewa nazo. Weka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hadi yule mtoto wa Muleba mwaka 2024. Weka Njombe, jirani zetu hawa, mwanzoni mwa 2019, watoto walipotekwa na kuuawa, na baadhi ya miili ikakutwa ina viungo vilivyonyofolewa. Watu wa huku wameona viungo vya binadamu vikiwa na bei. Hofu yao ina kumbukumbu nyuma yake, na semina ya siku moja yenye soda na fulana haitaifuta.

Dini, kwa taarifa yenu, si kikwazo kikubwa kama inavyosemwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliruhusu kuchangia viungo mwaka 1988 kwa masharti, na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000 aliwaambia mabingwa wa upandikizaji mjini Roma kwamba kutoa kiungo kwa moyo safi ni tendo la upendo.

Imani ya watu hupotea hata pasipo muuzaji wala mnunuzi. Huko huko Ujerumani, mwaka 2012 iligundulika kwamba madaktari wa Göttingen na kwingineko walichezea taarifa za wagonjwa ili wapande juu kwenye foleni ya kusubiri ini. Hakuna maiti aliyeibiwa kitu. Hata hivyo, waliotoa viungo baada ya kufa walishuka kutoka 1,200 mwaka 2011 hadi 876 mwaka 2013. Hiyo ni nchi yenye kumbukumbu za kompyuta, mahakama zinazofanya kazi na bima kwa kila mtu.

Sisi tuna mtihani mwepesi zaidi ambao bado unatushinda: damu. Kwenye hospitali moja nimekaa benchi chini ya bango linalosema damu haiuzwi, pembeni yangu mama akihangaika na simu ya kitochi kutafuta watu wawili wa kumchangia binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Aliyepatikana getini alitaka kwanza “nauli” ya kwenda na kurudi, na alikuwa anaishi mtaa wa pili. Kuna pia mochwari. Serikali imekataza mara kadhaa kuzuia maiti kwa sababu ya deni, ila ukweli kwamba inabidi kukataza tena na tena unajieleza wenyewe. Mtu aliyewahi kukesha nje ya mochwari akikusanya michango ya kukomboa mwili wa baba yake, utamwendea na fomu ya kuomba macho na figo za mama yake?

Waganda walianza na sheria. Bunge lao liliipitisha Desemba 2022, Rais Museveni akaisaini 2023, na mwishoni mwa mwaka huo huo Mulago wakapandikiza figo yao ya kwanza. Sisi tulianza na kisu 2017, tukiwa hatuna sheria mahsusi mkononi. Wapasuaji wetu wamefanya kazi yao vizuri kuliko watunga sheria wetu.

Ninachotaka kiandikwe hakihitaji profesa. Mchangiaji ahojiwe peke yake, kwa Kiswahili, na mtu asiyelipwa na hospitali inayopandikiza. Akitoa figo, apewe bima ya maisha yake yote bila kuchangia hata senti, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo na mchango wake kwa taifa ameshautoa mwilini. Afuatiliwe kila mwaka, hata kama anaishi Mbinga au Namtumbo na si Upanga. Na kila mwaka Bunge liwekewe mezani idadi: wangapi walitoa, wangapi walipokea, ni ndugu kwa uhusiano gani, wangapi kati ya waliotoa wameugua baadaye. Bila majina, lakini bila kuficha.

Wabunge wetu wa Ruvuma wakirudi jimboni tuwaulize hilo, kabla ya barabara.

Mimi figo yangu moja nitampa mwanangu hata leo jioni akiihitaji. Fomu ya kutoa viungo nikishakufa sitaisaini mpaka hayo yawe sheria, na wanangu nimeshawaambia wasije wakaisaini kwa niaba yangu.